Tembe Nilizozificha Kwenye Kopo la Mbegu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huona haya mpaka leo, ijapokuwa nywele zangu zimekuwa nyeupe na watu wa bonde letu la Lambwe huniamkia kwa heshima. Siku hiyo nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao mjini Oyugis, nikimcheka ndugu yangu.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Najua nyinyi mnauita umri huo uzee. Subirini, mtaufikia, na mtashangaa jinsi mtu wa umri huo anavyoweza kuwa bado na akili za kitoto. Kazi yangu ilikuwa afisa wa kilimo, au kama wakulima walivyoniita, Bwana Shamba. Nilizunguka bonde zima kwa pikipiki, na pale pikipiki ilipokwama nilitembea, nikiwaonyesha watu namna ya kupambana na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka mizizini. Nilikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Sikunywa pombe, sikuvuta sigara, na suruali niliyofungia ndoa ilikuwa bado inanitosha. Jambo hilo la suruali nililisema mara nyingi mbele za watu, Mungu anisamehe.

Ndugu yangu mkubwa, Ochola, alikuwa kinyume changu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Migori, na tumbo lake liliingia mlangoni kabla yake. Alipenda mbavu za mbuzi zinazodondosha mafuta kwenye makaa, chapati tatu juu yake, na kiti cha kukalia kutwa nzima. Nilimpenda sana, lakini nitakuambia ukweli, nilimdharau kidogo.

Juma moja kabla ya siku hiyo, kanisa la pale Oyugis lilikuwa limewaleta wahudumu wa afya kuwapima watu, na wake zetu walikuwa wamekubaliana kutupeleka sisi wawili, kama ng'ombe wanaopelekwa joshoni. Tulitolewa damu, tukaambiwa turudi kwa majibu. Basi tulikuwa tumerudi. Tulipokuwa tukingoja kwenye lile benchi nilimwambia Ochola, "Leo utaambiwa uache mbuzi. Jitayarishe kulia."

Akacheka tu. Ochola hakuwa mtu wa kukasirika.

Daktari alikuwa binti wa Kikisii, kijana, mwenye sauti ya taratibu. Alianza na Ochola. Akamwambia kolesteroli, yale mafuta yanayosafiri ndani ya damu, imepanda kidogo. Apunguze nyama yenye mafuta na vya kukaangwa, ale mboga na maharagwe, atembee kila siku, apunguze uzito, arudi baada ya miezi mitatu. Dawa hakumpa. Nikamtazama Ochola kwa jicho la ushindi.

Kisha akaigeukia karatasi yangu.

"Mzee, yako ni mara mbili ya ile inayotakiwa, na zaidi."

"Mmechanganya chupa," nikasema. "Hiyo ni ya huyu hapa."

Hakubisha. Alinitoa damu nyingine, akaniomba nirudi siku ya tatu. Nikarudi peke yangu. Majibu yalikuwa yale yale.

"Baba yako yu hai?" akaniuliza.

"Alifariki."

"Akiwa na umri gani?"

"Arobaini na saba. Alianguka akilima."

"Na ndugu zake?"

"Baba mdogo naye alianguka, akiwa njiani kwenda mnadani. Hakufika hamsini."

Akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mafuta haya hayatoki kwenye sahani peke yake. Ini lenyewe huyatengeneza, na ini hilo hilo huyaondoa damuni yakizidi. Ila kuna koo ambazo watu wake huzaliwa na ini lisiloweza kuyaondoa vizuri. Mtu kama huyo, alisema, anaweza kuwa mwembamba, anaweza kula vizuri, na mishipa yake ikazidi kuziba polepole tangu utotoni. "Endelea na chakula chako kizuri," akasema, "lakini chakula peke yake hakitakufikisha. Unahitaji dawa, kuanzia leo, kila siku."

"Daktari, mimi nimekula mboga tangu nizaliwe."

"Labda ndiyo sababu bado tunaongea," akanijibu.

Mwanangu, mtu aliyeambiwa maneno kama hayo angepaswa kushukuru. Mimi nilitoka pale nikiwa nimeudhika. Tumbo moja, baba mmoja, na yule mwenye kitambi anaambiwa atembee huku mimi ninayetembea naambiwa nimeze dawa maisha yangu yote! Kweli nyani haoni kundule, lakini mimi niliona vibaya zaidi ya hapo. Nililitazama la ndugu yangu nikadhani nimeliona langu.

Nilikuwa na hofu pia, na sitaki ufikiri ilikuwa kiburi kitupu. Nyakati zile huku kwetu tulikuwa tumezika watu wengi kwa ugonjwa unaoujua, na mtu akionekana anameza tembe kila siku, majirani walianza kunong'ona na kumhesabia siku zake. Niliogopa macho ya watu. Tena mwenzangu wa kazini alikuwa ameniambia kwamba dawa hizo hula ini, na ukizianza huachi. Nilimwamini yeye, ambaye hakuwa amesomea hata kutibu kuku, nikamwacha yule aliyesomea binadamu.

Kwa hiyo nilizichukua tembe, nikafika nazo nyumbani, nikazitia kwenye kopo la bati nililowekea mbegu za mtama za kuwaonyesha wakulima. Kila asubuhi mke wangu Rosebela alinimiminia chai akiniuliza, "Umemeza?" Nami nikajibu, "Nimemeza." Neno moja tu. Uongo wa neno moja huteleza vizuri mdomoni.

Kisha nikaamua kumwonyesha yule binti wa Kikisii. Niliapa kuyashusha yale mafuta kwa jasho na sahani. Samli nikaipiga marufuku nyumbani, na Rosebela alihuzunika, kwa sababu kwao apoth na osuga, zile mboga za kienyeji, haziwekwi mezani bila samli au maziwa. Nikala samaki wa kuchemsha. Nikala nyoyo, mahindi na maharagwe yake, mpaka watoto wakanionea huruma. Mayai, ngozi ya kuku, matumbo, vyote nikaviaga. Pikipiki nikaiacha, nikapanda vilima kwa miguu.

Baada ya miezi mitatu tulirudi Oyugis sote wawili. Ochola alikuwa amenunua baiskeli na kupunguza mbuzi akabakiza Jumapili tu, na kitambi kilikuwa kimeanza kurudi nyuma. Majibu yake yalikuwa mazuri. Daktari alimpongeza kwa mikono miwili, akamwambia aendelee hivyo hivyo, dawa haihitajiki kwa sasa.

Yangu yalikuwa yameshuka kidogo tu, kama maji ya pipa yaliyotekwa kwa kikombe.

"Unameza dawa kila siku?" daktari akaniuliza.

Hapo ndipo mlango wa ukweli ulipokuwa wazi, mwanangu, na ulikuwa mpana. Ningesema tu, "Hapana, daktari, niliogopa." Badala yake nikasema, "Kila siku."

Akakunja uso. Akafikiri dawa imeshindwa, akaniandikia yenye nguvu zaidi. Tazama uongo unavyofanya kazi: hata mponyaji wako unamfunga macho, kisha unamlaumu kwa kujikwaa. Nikaenda na hizo pia, nikazitia kwenye kopo lile lile.

Wiki chache baadaye, nikipanda mlima, nilianza kusikia kifua kikinibana. Nikipumzika, kinaacha. Nikasema ni vidonda vya tumbo. Nikanywa maziwa. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuumbuliwa bila kujua.

Ilikuwa asubuhi yenye jua zuri, shambani kwa kikundi cha akina mama, nikiwaonyesha namna ya kupanda mtama kwa mistari. Nilikuwa nimeinama. Nilipoinuka nilihisi kama mtu amenitwika gunia la mahindi kifuani badala ya begani. Maumivu yakapanda shingoni mpaka kwenye taya, yakateremka mkono wa kushoto. Jasho likanitoka, baridi kama umande. Nakumbuka nikimwambia mama mmoja, "Nishikie hii kamba," kisha sikumbuki kamba ilienda wapi.

Wale akina mama waliniokoa. Walinibeba kwa blanketi mpaka barabarani, wakasimamisha pikapu iliyokuwa na makreti ya nyanya, wakanilaza juu ya makreti, na mmoja wao akanishika kichwa njia nzima hadi hospitalini Homa Bay. Ninajua majina yao wote. Kila mavuno huwapelekea kitu.

Waliniambia ni mshtuko wa moyo, kwamba mshipa mmoja umeziba. Niliwahishwa, ndiyo maana niko hapa kukuchosha masikio. Rosebela alipofika, daktari wa pale alimuuliza kama nilikuwa na dawa zozote ninazotumia.

"Ndiyo, ya kolesteroli," akasema kwa uhakika. "Hamezi siku moja akaacha nyingine, huyu. Kila asubuhi mimi mwenyewe humuuliza."

Daktari akamwomba alete pakiti, waone ni dawa gani na nguvu gani, maana ajabu kwao ilikuwa kwamba damu yangu haionyeshi dalili ya dawa. Rosebela akarudi nyumbani. Alitafuta kabatini, akatafuta kwenye mkoba wangu wa kazi, akatafuta chini ya godoro. Mwisho kabisa akalifungua kopo la mbegu.

Alirudi siku iliyofuata. Hakupiga kelele. Aliliweka lile kopo juu ya blanketi, karibu na mkono wangu, na nikaziona pakiti zote zimejipanga ndani ya mtama, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Baba Akinyi," akasema, "kila asubuhi nilikuuliza. Sikukuuliza kama askari. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nataka kuzeeka na wewe."

Kisha akatoka, akaenda kusimama kwenye veranda. Nilimwona mgongo tu kupitia dirishani. Mwanangu, nimeshakueleza maumivu ya kifua. Hayo ya dirishani yalikuwa makubwa zaidi.

Siku ya tatu alikuja Waya Nereya. Kwetu, waya ni shangazi, dada ya baba, na huyu alikuwa dada pekee wa baba yangu, mwanamke mfupi, mkavu, aliyezika ndugu zake wawili na bado akalima ekari yake mwenyewe. Alinisalimu, akaomba kidogo, kisha akaona miguu yangu imetokeza nje ya blanketi, akaenda kuifunika.

Mkono wake ukasimama.

Akanishika nyuma ya mguu, juu ya kisigino, pale kwenye ule mshipa mnene tunaouita kano. Akabonyeza. Akashika mguu wa pili, akabonyeza tena. Makano yangu pale yalikuwa manene na magumu tangu nikiwa kijana. Nilidhani ni kutembea. Kwa ajili hiyo nilizoea kuvaa viatu vya wazi nyuma.

"Baba yako alikuwa akikata viatu vyake nyuma kwa kisu," akasema polepole, "kwa sababu vilimuumiza hapa. Siku tuliyomlaza, mimi ndiye niliyemvalisha soksi. Ni mguu huu huu."

Daktari alipopita, Waya alimwita kwa kidole kama anavyomwita mjukuu, akamwonyesha. Daktari akashika, akatikisa kichwa kukubali. Ni mafuta yale yale, akasema. Yakizidi miaka mingi hujilaza hata kwenye makano, na kuyaona hapo ni ishara ya damu ya ukoo. Akauliza wangapi tumezaliwa na kama nina watoto.

Daktari alipoondoka, Waya aliketi ukingoni mwa kitanda na kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia tangu nikiwa mtoto.

"Unamkumbuka Sabina?" akaniuliza.

Nilimkumbuka. Sabina alikuwa mke wa binamu ya baba. Asubuhi ya siku aliyokufa, baba alipita kwake akanywa uji kabla ya kwenda kulima. Na kwa kuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye nguvu, hawezi kuanguka bure, watu walisema uji ule ulikuwa na mkono wa mtu. Sabina alifukuzwa. Paa lake lilibomolewa mchana, mbele ya watoto wake, na akaondoka na virago vyake kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwanangu, sikupanga kukuambia hili, lakini nasaha yenye pengo haijengi: mimi pia nilirusha jiwe.

"Mimi ndiye niliyepiga yowe la kwanza," akasema Waya. "Mimi. Nikamtaja kwa jina."

Alijifuta uso kwa kitambaa chake cha kichwani, na alipoinua macho hayakuwa na machozi tena.

"Sasa nisikilize, wewe msomi wa mbegu. Baba yako alikufa kwa kutojua, na huyo simlaumu. Hapakuwa na mtu wa kumpima. Wewe umepimwa mara tatu, umeelezwa, umepewa dawa mkononi, na ukaizika kwenye kopo. Ulitaka kufa ukijua? Ukatuachia sisi kazi ya kumtafuta Sabina mwingine wa kumfukuza?"

Nikasema, "Waya, niliogopa."

"Kuogopa si kosa," akasema, na sauti yake ikalainika. "Baba yako alikuwa akiogopa radi, unajua hivyo? Kosa ni kuogopa peke yako na mke amelala ubavuni mwako."

Rosebela alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Nikamwomba maji. Akaleta. Nikameza tembe yangu ya kwanza mbele ya wanawake hao wawili.

Sitaki ufikiri baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Baada ya miezi kadhaa misuli ya mapaja ilianza kuniuma, na yule mwenzangu wa kazini akasema, "Si nilikuambia?" Nikakaribia kulirudia kopo. Lakini safari hii nilipanda gari hadi Oyugis nikamweleza yule binti wa Kikisii kila kitu, tangu uongo wa kwanza. Nilitarajia atanifukuza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanitoa damu kuangalia misuli na ini, akanibadilishia dawa. Maumivu yakaisha. Dakika chache za ukweli zilifanya kile ambacho miezi ya kujificha haikuweza.

Na sahani? Sikuirudisha samli, wala sikumgeukia mbuzi kwa kisingizio kwamba dawa itamshughulikia. Nimewaona wenye fikra hiyo, wanameza tembe asubuhi na jioni wanakula kana kwamba wako arusini. Mimi mwenyewe niliwafundisha wakulima miaka mingi kwamba mbolea ya dukani haimpi mtu ruhusa ya kuacha kupalilia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka ule ule, nilipopata nguvu, tulikwenda Migori mimi na Waya kumtafuta Sabina. Tuliuliza, tukaelekezwa nyumba moja upande wa barabara ya Isebania. Sabina alikuwa mzee sasa, ameketi uani anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Alitutambua kabla hatujasema majina.

Waya alipiga magoti chini, na magoti yake yalikuwa mabovu. "Wifi," akasema, "ndugu yangu hakuuawa na uji wako. Aliuawa na damu yetu wenyewe. Daktari amenionyesha kwenye mguu wa mtoto huyu."

Sabina aliendelea kuchambua, omena huku, mchanga kule.

"Mimi uji wangu niliujua," akasema hatimaye. "Nilikuwa nangoja nyinyi mjue. Miaka thelathini na mmoja nimengoja."

Nikamwambia, "Mama, mimi pia nilirusha jiwe."

"Nilikuona," akasema. "Lilimpata mwanangu mgongoni. Sisemi nimesahau. Yeye hataki hata kusikia jina la kwenu." Kisha akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza. "Na wewe, hiyo damu umepata dawa yake?"

"Nimepata."

"Unameza?"

"Nameza, Mama."

Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji wa mtama, akanipa. Nilikishika kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto sana, nami niliunywa wote bila kuuacha upoe, kwa kuwa sikutaka hata dakika moja ipite ambayo angedhani ninasita. Mwanawe hakuja kutusalimu siku hiyo, wala hajawahi kuja. Ni haki yake.

Baada ya hapo tuliwapima watoto niliowazaa. Mvulana wangu hakuwa na damu hiyo ya ukoo. Akinyi, aliyekuwa na miaka kumi na saba, mchezaji wa netiboli wa shule, mwepesi kama swala, alikuwa nayo. Alilia akaniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Nikamwambia, "Hujakosa kitu. Unayo macho ya baba yangu, na watu wote huyasifu. Hii nayo imekuja pamoja na macho." Akaanza dawa mapema, akaendelea kucheza. Alipoolewa na kutaka mtoto, alimwendea daktari kwanza, kwa sababu dawa zile huwa hazimezwi na mwenye mimba hivi hivi. Akazisimamisha kwa kipindi, akazirudia alipoambiwa. Hakuficha hata mara moja. Huyo amenishinda.

Na Ochola wangu? Aliishi kwa baiskeli na mboga miaka mingi bila tembe hata moja. Alipofika sitini, presha ikaja, sukari ikafuata, na daktari akamwambia sasa naye aanze dawa ya kolesteroli ili kuulinda moyo. Akanipigia simu akicheka, "Bwana Shamba, nimeingia timu yako." Hakuona kuwa ameshindwa. Mwili ulikuwa umebadilika, naye akabadilika nao.

Ndilo ninalotaka ubaki nalo, mwanangu. Watu watakuuliza, chakula au dawa, kana kwamba ni vyama viwili na lazima uchague kimoja. Usikubali kuulizwa hivyo. Jua kwanza damu yako, maana unene hausemi kila kitu na wembamba husema uongo. Waulize wazee wako walikufaje, na usiridhike na jibu la "alianguka tu". Ukiambiwa chakula na kutembea vinatosha, shukuru na ufanye kweli, kisha urudi kupimwa. Ukiambiwa umeze dawa, meza, na sahani yako uitunze vile vile. Dawa ikikusumbua, usiiache kimya kimya, rudi kwa aliyekupa, maana zipo nyingine. Usimpime jirani kwa kipimo chako, wala wewe usijipime kwa kipimo cha ndugu yako, hata kama mlinyonya titi moja. Na zaidi ya yote, usimdanganye anayekutibu, na usimdanganye anayekuuliza kwa upendo asubuhi akikumiminia chai.

Jambo baya likiipata nyumba yako na hujui sababu yake, vumilia kutojua. Usitafute mtu wa kumtwika. Sababu inaweza kuwa inatembea ndani ya damu yako mwenyewe.

Baba yangu aliishia arobaini na saba. Leo nina sitini na mitatu, na kila mwaka unaopita nauhesabu kuwa nilipewa niuishi kwa niaba yake. Mungu akupe nawe miaka kama hiyo, mwanangu. Akupe damu inayopita bila kizuizi, chakula kinachokujenga, daktari mwenye subira, na ulimi usioogopa kusema "naumwa". Wanao wakushike mkono ukiwa na mvi kichwani. Nyasaye ogwedhi. Mungu akubariki, nenda ukapimwe.